Sumu Haikuwa ya Sheikhan

Juma lililopita niliachia pale nilipotoka bomani, nimekwisha kabidhi karatasi ya daktari. Kwa ambaye hakunisoma nitasema kwa ufupi.

Mimi ni Leodegar, mzaliwa wa Kibosho. Mwaka 1934 nilikuwa mtumishi wa maabara hapa Dar es Salaam, chini ya daktari Mwingereza aitwaye Hallam. Niliosha vioo, nikapokea chupa zilizoletwa kupimwa, nikaandika namba zake daftarini.

Jumatatu ziliwasili chupa mbili za kufanana, kila moja ina kilichotolewa tumboni mwa maiti. Ya kwanza ilikuwa ya Sheikhan, mwenye duka la vitambaa Mchafukoge, aliyeshika kifua akaanguka mbele ya mkewe. Ya pili ilikuwa ya Zahoro, kibarua wa ghala la ngozi Gerezani, aliyekufa akitapika kazini.

Jumatano asubuhi majibu yakatoka. Chupa ya Sheikhan ina sumu ya arseniki. Chupa ya Zahoro haina kitu.

Karatasi ile niliibeba mimi. Karani wa boma aliisoma, akamnong'oneza mtu, na mtu yule naye alikuwa na mdomo.

Saa nane mchana wa siku ileile nikamkuta mke wa Sheikhan anaburutwa barabarani.

Aliitwa Mauza. Abdulla, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amemkamata nywele. Saif, mdogo wao, alikuwa na bakora, anamchapa popote inapoangukia. Buibui lilikwisha chanika kutoka bega mpaka kiunoni. Watu walitoka madukani wakajipanga pande zote mbili, wengine wamepanda juu ya masanduku ili waone vizuri.

"Mwuaji huyu!" Abdulla alikuwa akipiga kelele. "Mtazameni mwuaji!"

"Mwache, bwana, mwanamke yumo edani," mwenye duka mmoja akajaribu kusema.

"Eda gani? Ujane kajipa mwenyewe!"

Mauza alikuwa anajaribu kusimama. Kila akiinua goti, Saif anampiga teke la paja anaanguka tena. Damu ilikuwa inamtoka sikioni, pale kipuli kilipong'olewa.

Nilitaka kupita. Sitawadanganya. Nilikuwa natoka kula, nimechelewa kazini, na ugomvi wa watu wakubwa haukunihusu. Tena moyoni nilisema: huyu ndiye aliyemlisha mumewe sumu, nimeona kwa macho yangu doa jeusi la sumu kwenye mrija wa kioo. Acha apate.

Basi nilikwisha pita hatua tano au sita, ndipo Abdulla akasema:

"Ulimpakulia ndugu yangu wali kwa mkono huu! Mkono huu huu!"

Wali?

Chupa ile niliishika siku mbili. Daktari alipokuwa akipima, mimi ndiye niliyemmiminia. Katika chupa iliyotoa sumu niliona nyuzi za muhogo na maganda ya kunde. Wali haukuwamo hata punje.

Nikageuka.

"Bwana Abdulla!" Nikapenya katikati ya watu. "Bwana Abdulla, shikamoo. Marehemu alikula nini siku ile?"

Alikuwa ameukanyaga mkono wa kulia wa Mauza kwenye kiwiko, akashika kiganja kwa mikono yake miwili, akavuta juu. Nilisikia mfupa. Hata wale waliosimama juu ya masanduku waliusikia, kwa maana walinyamaza wote kwa pamoja.

Mauza hakulia. Alifungua mdomo tu.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Mimi ni mtu wa maabara, nawaambieni ngojeni kwanza!"

Hilo lilikuwa kosa langu. Abdulla alimwachia mwanamke akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mtu wa maabara," akasema taratibu. "Saif, sikia. Hawa ndio waliompasua ndugu yetu."

Bakora ya kwanza ilinipata mdomoni. Nilihisi jino limelegea, ya pili ikalimaliza. Nilianguka kifudifudi, na baada ya hapo sikuweza tena kujua nani ni nani, kwa sababu hata watu wasiomjua Sheikhan walikuwa wananipiga mateke. Mmoja aliniuliza huku ananipiga, "Kwani wewe umefanya nini?"

Faida ikawa moja tu. Waliponigeukia mimi, mdogo wake Mauza, binti aitwaye Azza, alitoka mbio katika nyumba ya Sheikhan pale kando ya barabara, akamburuta dada yake mpaka kizingitini.

Askari walifika na virungu. Walipiga kila aliyekuwa karibu, wakanipiga na mimi, watu wakatawanyika. Kisha wakaenda moja kwa moja kwa Mauza. Walikuwa na amri ya kumkamata.

"Inuka, bibi. Twende bomani."

Mkono wake ulining'inia kama si wake. Aliwatazama wale askari wawili, nywele wazi, nguo imepasuka mbele ya mtaa mzima.

"Nifunikeni kwanza," akasema.

Azza alivua ushungi wake akamfunika. Mauza akaenda, mkono uliovunjika ameushika kwa ule mzima.

Nikatambaa mpaka pale kizingitini.

"Bibi," nikamwambia Azza, "nakuomba unijibu neno moja. Shemeji yako alikula nini?"

"Nenda zako! Hamjashiba?"

"Kwa ajili ya dada yako. Alikula nini?"

Alinitemea mate. Halafu, labda kwa sababu sikuyafuta, akanijibu.

"Wali wa nazi na papa. Tulikula sinia moja, yeye na dada na mimi. Sasa mimi niko hai, hunioni? Sumu ilichagua mdomo?"

"Muhogo hakula? Kunde?"

"Muhogo ulikuwa unamchoma tumbo tangu utotoni. Nyumbani humu haupikwi."

Nikaondoka mbio.

Maabara ilikuwa kimya, daktari hajarudi kutoka chakula cha mchana. Nilifungua kabati nikazitoa chupa zote mbili, nikaziweka dirishani penye mwanga.

Chupa yenye kifuniko namba 17, namba ya Sheikhan: muhogo, maganda ya kunde.

Chupa yenye kifuniko namba 18, namba ya Zahoro. Nikaitikisa. Punje za wali zikainuka kutoka chini, na kati yake kipande cheupe cha samaki.

Hapo nikaikumbuka ile Jumatatu. Chupa zilifika zinavuja, zimelowa nje, zinanuka. Nikazifungua, nikahamishia kilichomo kwenye bakuli mbili, nikaziosha, nikarudisha. Vifuniko niliviweka pamoja juu ya meza, ubavu kwa ubavu. Namba zilibandikwa kwenye vifuniko. Kwenye kioo chenyewe hapakuwa na alama yoyote. Mtu akaniita nje, nikatoka, nikarudi, nikafunika.

Nikafunika tu. Sikutazama.

Sasa sikilizeni nilichokifanya, maana ndicho kinachonifanya niandike habari hizi baada ya miaka mingi namna hii. Nilivishika vile vifuniko viwili, damu inanidondoka kidevuni, nikavibadilisha. Cha 17 nikakiweka kwenye wali. Cha 18 kwenye muhogo. Nikawaza: nazirudisha kabatini, namwomba daktari apime tena, namwambia labda mrija ulikuwa mchafu. Majibu yatageuka. Mauza atatoka. Na hakuna atakayejua kwamba ni mimi.

"Leodegar."

Daktari Hallam alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa cha mtihani, kila neno limesimama peke yake.

"Unafanya nini na chupa hizo?"

"Nazifuta vumbi, bwana."

"Uso wako una nini?"

"Nimeanguka."

Alikuja mpaka mezani. Akatazama vifuniko, akatazama mikono yangu. Alingoja. Nafikiri angenitukana ningeendelea kusema uwongo.

"Bwana, nilibadilisha vifuniko," nikasema. "Siyo leo. Leo nimevirudisha. Nilivibadilisha Jumatatu, nilipoosha. Sumu haikuwa ya Sheikhan. Ni ya yule kibarua."

Alinipiga kofi upande uleule wa jino. Nikaona nyota. Akainua mkono tena, kisha akaushusha.

"Unajua, au unadhani?"

"Sheikhan alikula wali na papa. Yaliyotoka na sumu ni muhogo na kunde. Bwana mwenyewe atazame."

Alitazama kwa muda mrefu. Akaiinua moja, akaiinua nyingine, akachukua koleo dogo akatoa kile kipande cha samaki akakiweka kwenye kisahani.

"Nilitia sahihi," akasema. "Nilitazama kifuniko, nikatia sahihi. Yule mwanamke yuko wapi?"

"Bomani. Wamemvunja mkono, bwana. Mbele yangu."

Daktari Hallam aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi ndani ya chumba kile.

"Leta tupa," akasema.

Nikaleta tupa ndogo ya chuma. Akavitupa vifuniko vyote viwili kwenye ndoo. Akaikwaruza chupa yenyewe, kwenye ubavu wa kioo: WALI. Ya pili: MUHOGO.

"Kifuniko kinatembea," akasema. "Kioo hakitembei. Kuanzia leo namba inaandikwa kwenye kioo, na chupa mbili hazifunguliwi kwa pamoja juu ya meza hii. Moja inakwisha, inafungwa, inaondoka. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Tunapima upya. Mimi nasoma kilichoandikwa, wewe unarudia kwa sauti, kisha unaandika. Halafu unasoma wewe, narudia mimi."

Tukafanya hivyo. Mimi namimina, yeye anasema, "Muhogo," mimi naitikia, "Muhogo," meno yangu yanauma kwa kila neno. Moto wa spiriti ukawaka chini ya mrija. Tulingoja. Doa jeusi likaanza kujijenga ndani ya kioo, jembamba kwanza, kisha likang'aa kabisa.

Tukachukua mrija mpya. "Wali." "Wali." Tukangoja maradufu ya ule muda. Kioo kilibaki cheupe.

"Sheikhan amekufa kwa moyo wake," daktari akasema. "Hakuna aliyemwua."

Nilipaswa kufurahi. Nilianza kufurahi. Nikawaza jinsi nitakavyokwenda mwenyewe Mchafukoge kumwambia Azza.

"Leodegar, huyu mwingine. Alikuwa anafanya kazi wapi?"

"Ghala la ngozi, Gerezani."

"Ngozi zinachovywa ndani ya nini, ili wadudu wasizile?"

Alijua nalijua jibu. Zilichovywa ndani ya pipa la arseniki.

"Ghala lilifungwa alipokufa?"

"Lilifungwa siku ileile, bwana. Nyapara aliambiwa angoje majibu yetu."

"Na majibu yetu yalifika lini?"

"Leo asubuhi. Nilipotoka bomani nilipita nikampa nakala."

"Inasema nini nakala hiyo?"

"Inasema Zahoro hana sumu. Inasema ghala lifunguliwe."

Alikwisha simama. Aliandika karatasi mbili kwa haraka, kalamu inachana.

"Hii ya boma naipeleka mimi kwa gari. Yule mwanamke anatoka leo. Hii unakimbia nayo wewe. Kila mtu atoke ndani ya ghala. Asinywe mtu kitu chochote kilichomo mle. Sumu hii haina harufu wala ladha, ikivujia kwenye mtungi wao wa maji wataiona ni maji tu. Nikitoka bomani nakufuata. Kimbia!"

Niliikata Mnazi Mmoja nzima bila kupumzika, mkono mmoja nimeshika mbavu. Watu waliokuwa wakitoka sokoni Kariakoo na vikapu walinipisha njia, maana uso wangu ulikuwa umevimba na shati limejaa damu. Mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Wawili watatu wakanifuata, kisha wakachoka.

Nilisikia kelele za ghalani kabla ya kuliona ghala.

Mlango ulikuwa wazi. Nje, kwenye mchanga, vibarua wanne walikuwa wamelala wamejikunja, wanatapika mpaka hakuna kilichobaki cha kutapika. Mmoja alikuwa anakwaruza ardhi kwa kucha. Wa tano alikuwa amefunikwa turubai mpaka kichwani.

Nyapara alikuwa katikati ya uwanja. Vibarua waliobaki wazima walimfunga kwenye gogo la kunyooshea ngozi, wakampiga kwa kamba mbichi za ngozi. Jicho moja lilikwisha ziba. Mgongo wake sitaueleza.

Na mbele yake alisimama mwanamke wa Kizaramo, mrefu, kanga imefungwa kifuani, mkononi kisu kipana cha kuchunia ngozi. Nilimjua. Alikuwa Zamda, dada yake Zahoro. Jumatatu alikuja mpaka mlango wa maabara akasema, "Ndugu yangu kauawa na ile dawa ya ghalani," na mimi nikamwambia akae mbali na mlango.

"Soma tena!" alikuwa akimwambia nyapara. "Karatasi yako isome tena watu wasikie!"

"Imesema hakuna sumu," nyapara akalia. "Si mimi, mama. Imetoka serikalini! Ningejua ningefungua?"

Zamda alimchana begani kwa kisu, mara moja, bila haraka. Nyapara akapiga ukelele.

"Mume wangu ulimwambia nini asubuhi? Ulimwambia, ingia kazini, shemeji yako kafa kwa pombe zake. Kwa pombe! Zahoro hakuonja pombe maisha yake."

"Tokeni humu!" nikapiga kelele. "Nimetumwa na daktari. Msinywe chochote cha ghalani! Maji yenu yana sumu!"

Wote wakageuka. Nyapara aliinua kichwa, akanitazama kwa jicho lake moja, na nikaona amenitambua.

"Huyo!" akasema. "Huyo ndiye aliyeleta karatasi! Muulizeni yeye!"

Vibarua wakanizunguka. Ningeweza kusema ni kosa la daktari. Ningeweza kusema mimi ni tarishi tu, napewa napeleka. Yote hayo yalikuja kwenye ulimi, moja baada ya jingine, wakati Zamda ananijia, na nilikuwa nachagua.

"Karatasi ilikuwa ya uwongo," nikasema. "Siyo daktari. Mimi ndiye niliyefunika chupa ya ndugu yako kifuniko cha mtu mwingine. Zahoro alikufa kwa sumu. Ulisema kweli."

Zamda alinikaribia mpaka nikasikia pumzi yake.

"Rudia," akasema.

"Ni mimi."

"Usiniambie mimi. Mimi nilikwisha kujua." Akanielekeza kwa kisu kwa yule aliyekuwa akikwaruza mchanga. "Yule ni mume wangu. Bado anasikia. Nenda kamwambie yeye."

Nikaenda. Nikapiga magoti. Mtu yule alikuwa mkubwa, mwenye mvi chache ndevuni, macho yameingia ndani. Zamda alisimama nyuma yangu, na ubaridi wa kisu ukanigusa shingoni, chini kidogo ya nywele.

"Ukitikisika kabla hajakusikia," akasema, "nakata."

Nikainama. Nikamwambia jina langu. Nikamwambia habari za vifuniko, kwa sauti ndogo, neno kwa neno. Alinitazama wakati wote. Sijui alielewa kiasi gani. Nilipomaliza, midomo yake ilitikisika, ikapasuka kwa ukavu.

"Maji," akasema.

Sikumwona aliyeondoka. Niliona tu anarudi, kibarua mmoja wa makamo, anatembea haraka kwa huruma, mkononi kata iliyojaa, maji yanamwagika njia nzima. Alikuwa anatoka ndani ya ghala.

"Msimpe!" nikasema. "Hayo ndiyo yenye sumu!"

"Kaa kimya," Zamda akasema, na kisu kikaingia. Nilihisi damu ya moto inashuka mgongoni. "Ulituambia hakuna sumu tukakuamini. Sasa mgonjwa anaomba maji unatuambia sumu. Wewe leo utasema mara ngapi?"

Kibarua alipiga magoti upande wa pili. Akaingiza mkono chini ya kichwa cha mgonjwa, akakiinua polepole kama mtu anayemwinua mtoto wake. Kata ikagusa midomo.

Nikajirusha mbele, mkono nimeunyoosha niipige kata ile.